Risala Fupi ya Funguo na Mienendo ya Gari la Michezo la Mtumba

1. Fasili na mipaka

Gari la michezo la mtumba, kwa madhumuni ya risala hii, ni gari lolote lililoundwa liende mbio, likaenda mbio huko lilikotoka, kisha likashushwa Mombasa au Dar es Salaam kuja kupambana na matuta. Vielelezo vyetu ni viwili. Cha kwanza ni Toyota Altezza, iliyoanza kutoka kiwandani 1998 na kuuzwa nje ya Japani kwa jina la Lexus IS. Cha pili ni Subaru Impreza WRX, iliyozinduliwa 1992, ambayo ukoo wake ulipata heshima ya kudumu huku kwetu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Skyline, Celica na jamaa zao wanaingia kwa kiasi. Probox haiingii, hata ikikimbia namna gani.

Wanazuoni waliotangulia, yaani madalali, waliyagawa magari haya makundi mawili: yasiyo na shida, na yaliyouzwa jana. Mgawanyo huo haumsaidii aliyekwisha kulipa. Sisi tunatetea kanuni moja, tunayoiita Kanuni ya Hadhi: mwenye gari la michezo haridhiki na kosa dogo. Mwenye Probox akiona gari linavuta kushoto, anakwenda kujaza upepo. Mwenye Altezza akiona hivyo hivyo, anaulizia bei ya shokapu za mashindano. Kwenye funguo mambo ni yale yale: ufunguo ukigoma, wa kwanza kushtakiwa ni kompyuta, na wa mwisho kukaguliwa ni betri ndogo iliyomo ndani ya rimoti.

2. Jamii za funguo

*Ufunguo Pweke.* Jamii hii ndiyo iliyoenea zaidi. Gari jipya hutoka kiwandani na funguo zisizopungua mbili, mara nyingi pamoja na kibati kidogo kilichochapwa namba ya ufunguo. Likifika kwa mnunuzi wa nne, kilichobaki ni ufunguo mmoja. Ukiuliza nyingine ziko wapi, unasomewa riwaya: muuzaji ameipokea kwa dalali, dalali kwa binamu wa aliyelitoa bandarini, naye kwa mtu asiyetajwa jina, kwamba gari limeingia juzi tu na lilikuja hivyo hivyo. Sanadi hiyo ni dhaifu, na hesabu inaimaliza. Altezza iliacha kutengenezwa 2005, na Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane. Basi Altezza ya Nairobi imekula chumvi ya mji kwa zaidi ya miaka kumi, na ufunguo wa pili haukubaki Yokohama. Uko kwenye droo ya mtu Nairobi hapa hapa. Kwa hiyo anayetengeneza ufunguo mpya wa gari lenye chipu amwambie fundi afute kwanza funguo zote zilizomo kwenye kumbukumbu ya gari, kisha aandikishe zilizopo mkononi tu.

*Ufunguo Kitukuu.* Huu ni nakala ya nakala ya nakala. Kila kizazi hurithi ulegevu wa mzazi wake na kuongeza wa kwake, mpaka unapatikana ufunguo ambao lazima uuvute nyuma kidogo, uuinamishe kulia, na uuombe radhi ndipo uzunguke. Dalili ya hatua ya mwisho ni ufunguo kuchomoka injini ikiwa bado inanguruma, jambo ambalo baadhi ya vijana huliona sifa ya gari. Dawa si kuchonga tena kutoka kwa mgonjwa huyo huyo. Mchonga funguo mzuri hutafuta namba ya asili, au hufungua kitasa cha mlango wa abiria, ambacho hakikutumika sana, akasoma urefu wa vibati vya ndani na kuchonga kwa vipimo hivyo.

*Ufunguo Bubu.* Umechongwa vizuri, unafungua mlango, unazungusha swichi, lakini injini inakataa au inawaka sekunde moja na kuzima. Umekosa chipu. Kwenye gari lenye imobilaiza, kichwa cha ufunguo kina chipu isiyo na betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu kwa mawimbi, chipu ikajibu kwa namba yake, na kompyuta ikiitambua ndipo inaruhusu injini kuendelea kuwaka. Hapa upo uzushi mmoja wa gereji: fundi huuchukua ufunguo wa asili, akaufunga kwa tepu ndani ya kava la stelingi, na toka siku hiyo ufunguo wowote wa kuchonga unawasha gari. Mwenye gari hufurahi. Mwizi naye amerahisishiwa.

*Ufunguo Kibarua.* Katika Toyota nyingi za zama hizo kulikuwa na ufunguo mkuu, wenye kichwa cheusi, na mdogo wake wa kijivu, wa kumpa mwegesha magari wa hotelini. Kibarua huyu hufungua mlango na kuwasha injini, lakini buti humkatalia, na hana mamlaka ya kuandikisha ufunguo mwingine. Mwenye gari aliyebakiwa na kibarua peke yake hulipia kuandikisha mara mbili, akailaumu mashine, akabadilisha fundi. Mwenye ufunguo mkuu, kinyume chake, katika Toyota kadhaa anaweza kuandikisha mpya bila mashine yoyote, kwa kukanyaga mafuta na breki kwa mpangilio na hesabu maalumu. Anayemtazama kwa mbali hudhani ni maradhi.

*Ufunguo Msingiziwa.* Hauna kosa lolote. Tairi za mbele zimeegemea ukingo, kufuli la stelingi limebanwa, na swichi haizunguki. Dawa ni kuisukuma stelingi kidogo huku na huku wakati unazungusha ufunguo. Nduguye wa kisasa ni ufunguo wa kitufe ambao betri yake imekwisha: kwenye Toyota, ukiugusisha kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, kisha ukakibonyeza, gari linawaka. Ndani yake pia umefichwa ulimi wa chuma wa kufungulia mlango. Wapo waliovunja kioo wakiwa wameushika ulimi huo mkononi.

*Ufunguo Mbeba Mizigo.* Unaning'inia pamoja na funguo za nyumba, za dukani, kifungulio cha soda na nembo ya klabu. Uzito huo huichosha swichi. Asiyeamini akumbuke 2014, General Motors ilipoita mamilioni ya magari kwa sababu ya swichi iliyoweza kujigeuza na kuzima injini safarini, na kuwataka wenye magari waendeshe na ufunguo mtupu mpaka yatengenezwe.

3. Jamii za mienendo

*Mvuto.* Gari linakwenda upande ambao hukuutaka. Kabla ya kuita mtaalamu, ikumbukwe kuwa barabara zetu za kuendesha kushoto huinamishwa kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo mvuto mdogo wa kushoto ni wa barabara. Ukizidi, anza na upepo. Kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: kPa 230 ni sawa na psi 33 na ushee. Kijana wa upepo, ambaye hakuulizwa wala hakuuliza, ametia 40. Upepo ukiwa sawa na mvuto ukabaki, badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Mvuto ukihama, kosa ni la tairi. Usipohama, baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile yenye joto kuliko nyingine, breki yake haiachii.

*Mtetemo.* Hugawanyika mara mbili. Wa kwanza huja stelingini kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa na pengine kupungua ukizidisha mwendo. Huo ni wa balansi, au rimu iliyopinda kwa kuangukia shimo. Wa pili huja ukikanyaga breki tu, nao ni wa diski ambazo unene wake hauko sawa. Mwenye kuuchanganya wa kwanza na wa pili hununua diski mpya na kuendelea kutetemeka.

*Mgoto.* Ni sauti ya ko-ko-ko chini ya gari likipita taratibu kwenye barabara mbovu. Washukiwa wa kawaida ni vijiti vya stabilaiza na bushi zilizopasuka. Gari la miaka 20 lenye bushi za asili lina raba iliyokwisha kukauka, hata kama kilomita zake ni chache. Bei yake ni ndogo, na ndiyo sababu hakuna anayeisimulia kijiweni.

*Uzururaji.* Stelingi imenyooka lakini gari linatafuta njia yake. Tairi pana hufuata mifereji iliyochimbwa na malori, na kwenye barabara ya Mombasa hadi Nairobi mifereji hiyo haikosekani. Kama gari linazurura hata kwenye lami laini, zikaguliwe tairodi, kisha alaimenti. Hapa tunasimama kidogo kwenye ubavu wa tairi, kwa kuwa ndipo ulipo ushahidi ambao wengi hawausomi. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 3514, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya 2014. Meno yake yanaweza kuwa marefu bado, lakini mpira umekuwa mgumu, na mvua ya kwanza itamfundisha dereva ambacho muuzaji hakumwambia.

*Ukaidi wa pua na usaliti wa mkia.* Injini ya Impreza imelala mbele ya ekseli ya mbele, hivyo ukiingia konani kwa kasi pua hutaka kwenda moja kwa moja. Altezza husukumwa na tairi za nyuma, hivyo ukimwaga mafuta konani kwenye mvua mkia hutaka kutangulia. Toyota MR2 ya kizazi cha pili, yenye injini katikati, ilijulikana kwa kumsaliti dereva aliyeondoa mguu ghafla kwenye mafuta, mpaka Toyota ikarekebisha sehemu za chini. Hizi ni tabia za kuzaliwa. Fundi hawezi kuziondoa, na dereva hana budi kuzijua kabla hajafika konani.

*Mnuno wa kona.* Impreza ikikata kona kali kwenye maegesho inajikaza na kulalamika. Mara nyingi mwenye gari amenunua tairi mbili mpya na kuacha mbili kuukuu. Gari linalovuta kwa tairi zote nne linataka mzingo wa tairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Ukizidi hapo, difa ya katikati inafanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka inachoka. Aliyeokoa bei ya tairi mbili hununua difa.

4. Hukumu tano

Kwa kuazima istilahi za wanazuoni, matengenezo yote yanaingia katika hukumu tano. *Wajibu*: upepo sahihi, tairi za umri unaojulikana, breki zinazoachia, ufunguo wa akiba uliojaribiwa kwa kuwasha injini. *Suna*: bushi mpya na kufuta funguo za zamani kwenye kumbukumbu. *Mubaha*: kuikata ile sauti ya mwanamke wa Kijapani inayotangaza kila asubuhi kwamba kadi ya ushuru wa barabara haijaingizwa. Ana haki ya kusema, nawe una haki ya kutosikiliza. *Makuruhu*: kupima alaimenti kabla ya kubadilisha bushi na tairodi zilizokwisha, kwani vipimo vitahama kabla hujafika nyumbani. *Haramu*: kukata springi ili gari lishuke. Likishuka hivyo, pembe za tairi hubadilika, stelingi hujigeuza yenyewe kwenye kila tuta, na tairi huliwa upande wa ndani mahali pasipoonekana.

Ieleweke kuwa hukumu hizi zinapingwa vikali na madhehebu ya bawa la nyuma, ambao hufunga bawa kwanza na kuuliza baadaye.

5. Utaratibu wa kutumia fedha

Kutokana na Kanuni ya Hadhi, fedha hutumiwa kwa mpangilio ulio kinyume na matamanio. Siku ya kununua, jaribu ufunguo kwenye mlango wa dereva, wa abiria na buti, kisha washa injini na uiache dakika chache. Soma DOT za tairi nne na uone kama zina umri mmoja. Jaza upepo kwa kibandiko. Endesha kwenye barabara tambarare, kisha kwenye mbovu, kisha kanyaga breki kwa nguvu mahali pasipo na watu. Andika dalili kwa majina yaliyotolewa hapa, maana fundi akiambiwa "linasumbua" hutengeneza anachokijua, na akiambiwa "linatetemeka nikishika breki tu" hutengeneza breki.

Utafiti huu haukukuta dalili hata moja iliyoanza na kompyuta ikaishia kwenye kompyuta bila kupita kwanza mlangoni kwa tairi, betri au bushi. Ikitokea kwamba zote zimekaguliwa na kasoro bado ipo, hapo fundi wa kompyuta aitwe. Aje na mashine, maoni ayaache nyumbani.