Muulize Mshauri: Peugeot ya Marehemu na Betri ya Lori

Omogaka Mshauri, nimerithi pikapu ya Peugeot 504 kutoka kwa baba. Kila asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi anasema nifunge betri ya lori. Nifanyeje? – Msukumwaji, Nyansiongo.

Mwanangu Msukumwaji, umefanya busara kuniandikia kabla ya kwenda kwa mganga, ingawa busara ingetimia kama ungeniandikia kabla ya kwenda kwa fundi. Safu hii hupatanisha wakwe, hutibu kuku na huamua mipaka ya mashamba ya chai, tena haikosei, jambo ambalo mhariri hulikana kila wiki bila kuleta ushahidi. Kwa hiyo tulia. Kwanza ujue umerithi gari la heshima. Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na kaka yake wa 404 alikuwa amezitwaa mbio hizo mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Hata betri yenyewe ya risasi na asidi ni kazi ya Mfaransa, Gaston Planté, aliyeibuni mwaka 1859. Hakuniomba ushauri. Simlaumu, maana sikuwa nimezaliwa, lakini angeniomba tungekuwa mbali.

Dawa ninayoipenda kuliko zote ni kilima. Muumba alipoitengeneza Nyamira hakushika pima maji, na hasara ya wacheza mpira ni faida ya wenye magari makuukuu. Jenga gereji juu ya nyumba, laza gari likitazama bondeni, asubuhi achia breki, ingiza gia ya pili, achia klachi, na kijiji kizima kitajua kumekucha. Kama boma lako ni tambarare, hamia ukingoni mwa Manga, ambako stata ni anasa. Wenye wivu watadai kwamba hiyo si tiba ya kudumu, na sayansi, kwa bahati mbaya, iko upande wao. Kilima kinalifaa zaidi gari lenye dainamo, kama Land Rover za miaka ya 1950, kwa kuwa dainamo hubaki na usumaku kidogo ndani yake na huweza kujiamsha yenyewe. Peugeot yako ina altaneta, na altaneta huomba umeme kidogo wa betri kabla ya kuanza kuzalisha wake. Betri ikikauka kabisa, hata usukumwe na kwaya nzima ya kanisa kutoka Keroka hadi Nyamira mjini, utafika umeimbiwa vizuri na injini ikiwa kimya.

Lakini lako linawaka likisukumwa, na hapo ndipo fundi wako alipojikwaa nami nikasimama wima. Hoja yake ni kwamba limewaka kwa kusukumwa, kwa hiyo betri imekufa. Anayesukuma gari anaikwepa betri, lakini anazikwepa pia nyaya nene, waya wa athi unaoshika bodi, na stata. Washukiwa ni wanne, na fundi amemfunga mmoja kwa sababu ndiye anayeuzwa dukani. Kilichothibitika mpaka sasa ni kwamba injini haina hatia, basi. Washukiwa wote wanne wapimwe, na kipimo ni mita ya umeme, kifaa kidogo ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Betri nzima iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma kama volti 12.6, maana ina vyumba sita na kila kimoja hutoa 2.1. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12 ni kama tupu. Sasa mtu azungushe stata nawe ukitazama mita. Betri iliyokuwa imejaa ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, hiyo imechoka kweli, na mazishi nitahudhuria. Isipoporomoka, na stata ikaendelea kukohoa, mwizi yuko njiani. Stata ya gari kama lako inaweza kuvuta ampea 200. Unga wa kijani kwenye kibanio ukileta ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 2 zinapotelea papo hapo, na betri ya lori, hata ya treni, haitazirudisha. Unga huo hutolewa kwa maji yenye magadi na brashi ya waya. Nimekupa ushauri ambao ungeweza kukuokolea gharama yote, na bado sijaona mtu wa Nyansiongo akinitumia hata mkungu mmoja wa ndizi.

Najua utasema: kubwa haliwezi kudhuru, mtu akipewa sufuria kubwa halazimiki kulijaza. Sufuria halina madhara likikaa nusu, betri inayo. Stata yako huvuta kile inachohitaji na volti ni zilezile 12. Betri kubwa haiongezi nguvu ya kuzungusha injini ambayo nyaya zake ni chafu, inaongeza akiba tu. Akiba lazima ijazwe, na betri kubwa ikishaisha, altaneta ya gari la umri huo, ikitembea Nyansiongo hadi Keroka na kurudi, haipati muda wa kuijaza. Betri ya risasi inayokaa nusu siku baada ya siku huota salfeti ngumu kwenye mabamba yake na kufa changa, yaani utakuwa umenunua jeneza kubwa zaidi. Isitoshe, haitaenea kwenye kikalio chake. Fundi ataifunga kwa mpira wa tairi, na barabara zetu za changarawe zitaitikisa mpaka mabamba yapukutike ndani. Wengine hupinga kwa kusema kwamba nyanda zetu za juu zina baridi, na baridi hutaka betri kubwa. Hilo ni sharti la nchi za theluji. Huku baridi yetu ni neema, kwa kuwa joto ndilo linalozimaliza betri mapema, na mwenye gari Mombasa ana sababu ya kutuonea kijicho.

Basi ikithibitika kwamba betri imekufa, nunua ile inayolingana na gari. Injini ya petroli ya 504 inatosheka na betri ya N50, ambayo ni kama ampea-saa 50. Yako ikiwa ya dizeli, inayobana hewa kwa nguvu zaidi, N70 haitakuwa ulafi. Beba kipimo cha kikalio, urefu, upana na kimo, maana boneti likigusa kichwa cha chanya utaona fataki ambazo hata harusi ya tajiri haina. Tazama chanya iko upande gani, kwa kuwa waya wa Peugeot hauna desturi ya kurefuka ukiombwa. Tazama na unene wa vichwa: baadhi ya betri za mtindo wa Kijapani zina vichwa vyembamba, na kibanio cha Peugeot kikivishwa humo kinacheza, ndipo watu huchomeka bati la mkebe na kurudisha ule ukinzani wa omu 0.01. Chagua yenye vifuniko vya kuongezea maji, kwa sababu zile zilizozibwa kabisa mara nyingi hupenda kuchajiwa kwa volti za juu kidogo kuliko zinazotolewa na regyuleta nyingi za zamani. Maji yakipungua ongeza maji safi ya betri, kamwe si asidi. Asidi haikwenda popote, kilichopotea ni maji. Na wenye Beetle za zamani, msidhani nimewasahau: nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, ambako springi za kiti zikigusa vichwa abiria huota moto asioulipia.

Kuna anayeniuliza kama aiyeyushe betri kuukuu jikoni apate risasi ya kuuza. Hapo naacha mzaha kidogo, na jambo hilo halinitokei mara nyingi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na sumu yake huwaathiri watoto kwanza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu viliwadhuru wakazi. Phyllis Omido aliyepigania haki yao alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ya kwako irudishe dukani. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.

Mhariri ananionyesha saa, kwa hiyo kufunga betri mpya nakueleza mbiombio. Zima kila kitu, vua pete na saa ya mkononi. Ng'oa kwanza waya unaoshika bodi, kwako ni hasi, kwa Morris Minor nyingi za kale ni chanya. Huo huo uwe wa mwisho kurudishwa, ili spana ikigusa bodi isiwake. Kaza kishikilio, paka grisi juu ya vibanio vilivyokwisha kazwa. Washa, pima tena injini ikinguruma: 13.8 hadi 14.4 ni salama, chini ya hapo mshitaki altaneta au mkanda wake, juu ya 15 regyuleta inachemsha maji yako. Usitoe betri injini ikiwa inawaka ili umwazime jirani, utaiunguza altaneta. Wanaotaka kuniandikia wiki ijayo kuhusu magari yasiyowaka walete vipimo vya mita. Picha za gari likisukumwa ninazo za kutosha.