Sifa za Anwani Isiyo na Kitanda

Mnazi umeimbiwa, jahazi limeimbiwa, na wanasiasa wameimbiwa kupita kiasi. Aliyesahaulika ni kisanduku cha barua cha kukodi: kile kijumba cha bati chenye namba, kilichopangwa ukutani na wenzake katika mji mdogo wa Marekani, ambacho mbele ya sheria ndicho makazi ya familia nzima inayozunguka nchi ndani ya gari lenye jiko, choo na vitanda. Mwenyewe halali humo wala hapiki humo. Huenda amefika mji huo mara moja, akalala usiku mmoja na kuondoka na leseni ya udereva ya jimbo. Watu wenye nyumba za matofali hukicheka kisanduku hiki, na watunga sheria hukitilia shaka. Mimi nadai kwamba katika anwani zote alizopata kuandika binadamu, hii ndiyo inayosema ukweli zaidi, kwa kuwa haijifanyi kuwa nyumba.

Kwanza tuangalie adabu zake. Hakivuji masika. Hakina jirani wa kupiga muziki usiku, na shemeji hawezi kukijia bila taarifa akakaa miezi mitatu. Kampuni inayokitunza hupiga picha bahasha inapofika, na mwenyewe, akiwa Alaska au Arizona, huamua kwa simu kama ifunguliwe, itumwe alipo, au ichanwechanwe. Matangazo ya biashara hufia humo bila kumkera mtu. Kukipata nako si mchezo. Posta ya Marekani haiiruhusu kampuni kupokea barua zako mpaka ujaze fomu namba 1583, uonyeshe vitambulisho viwili na kutia sahihi mbele ya shahidi anayetambuliwa. Fomu hiyo inauliza anwani ya nyumbani. Anayeijaza kwa sababu hana nyumba anaulizwa nyumba yake iko wapi, na hilo nadhani ndilo tukio pekee la ucheshi ambalo ofisi za serikali hutoa bila ada. Akivuka hapo huelekea Livingston, Texas, ambako chama cha wasafiri kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kinawatunzia wanachama barua zao; au Green Cove Springs, Florida; au South Dakota, ambako mgeni huonyesha hati ya kisanduku, risiti ya usiku mmoja wa hoteli au kambi ya magari, na tamko la kiapo kwamba hapo ndipo anapokusudia kurejea. Hupewa leseni ya miaka 5. Majimbo yote matatu hayatozi kodi ya mapato, jambo ambalo wasafiri hudai wamelijua baadaye.

Lakini uzuri wa kisanduku hauko kwenye unafuu wake. Uko kwenye swali linalolazimika kujibiwa: sheria inataka nini hasa inapokuuliza unaishi wapi? Watu wengi hudhani inauliza kuhusu kitanda. Ingekuwa hivyo, baharia, dereva wa lori la masafa na mchuuzi wa mnadani wangekuwa watu wasiokuwapo. Sheria inauliza mambo makavu zaidi: wito wa mahakama ubandikwe wapi, kura yako ihesabiwe wapi, mirathi yako ifunguliwe wapi. Kwa sababu hiyo mahakama za Uingereza zilishikilia tangu zamani kwamba hakuna mtu asiye na makazi ya kisheria, hata akikimbia. Katika shauri la Udny la mwaka 1869, kanali mmoja wa asili ya Scotland alikuwa amehama London na kujificha Boulogne, Ufaransa, kuwakwepa wadai wake. Majaji walisema kwamba alipoyaacha makazi ya London bila kuchagua mengine, makazi ya asili ya Scotland yalimrudia yenyewe. Kanali alikuwa Ufaransa kwa mwili, na sheria ikamlaza Scotland bila kumuuliza. Ukilinganisha na hayo, kisanduku cha South Dakota ni kiungwana: angalau kimechaguliwa na mwenyewe.

Mtetezi wa matofali atasema nyumba halisi haina utata wa namna hiyo. Mirathi ya matajiri inatoa jibu. John Dorrance, mkuu wa kampuni ya supu ya Campbell, alifariki mwaka 1930 akiwa na nyumba New Jersey na jumba Pennsylvania. Mahakama za Pennsylvania zikaamua alikuwa mkazi wao. Za New Jersey zikaamua alikuwa wao. Kila jimbo likatoza kodi ya urithi kamili, na marehemu akabaki raia mwema wa mahali pawili kwa wakati mmoja. Miaka michache baadaye Edward Green, mwana wa tajiri maarufu Hetty Green, aliacha mali iliyogombewa na majimbo manne: Texas, Florida, New York na Massachusetts. Ukijumlisha madai yote na kodi ya serikali kuu, hesabu ilizidi mali yenyewe. Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya nchi ikaipa ushindi Massachusetts, ingawa Green mwenyewe alikuwa akijitaja siku zote kuwa mtu wa Texas. Vitanda vilikuwepo, tena vingi, na ndivyo vilivyoleta fujo.

Hukumu hiyo, nakiri, inaweza kugeuzwa dhidi ya mteja wangu. Mahakama haikujali Green alichotamka. Ilitazama alikoishi kweli. Basi mwenye kisanduku Livingston naye si anatamka tu? Tofauti ni kwamba Green alikuwa na jumba Massachusetts, na msafiri wa kweli hana jumba popote. Tamko lake halishindani na kitanda kingine. Kisanduku kinamdai mwenyewe uaminifu ambao nyumba haimdai: awe hana pengine. Yule anayeishi New York mwaka mzima, akakodi kisanduku Florida ili kukwepa kodi, anakitukana kisanduku, na wakaguzi wa New York wana haki ya kumfuata. Kuhusu kodi kwa jumla, msafiri hulipa ya mafuta kila anapojaza tangi na ya mauzo karibu kila jimbo anakonunua mkate. Hakuna barabara anayoitumia bure. Asicholipa ni kodi ya mapato ya jimbo, na hapo yuko sawa na mkulima wa South Dakota ambaye hajawahi kutoka shambani kwake.

Pingamizi la kura lina uzito zaidi. Kwa nini mtu aliyelala usiku mmoja amchagulie mkazi wa kudumu hakimu na diwani? Bunge la South Dakota liliuliza hivyo hivyo, na mwaka 2023 likapitisha sheria ya kumtaka mtu awe na makazi jimboni siku 30 kabla ya kujiandikisha kupiga kura. Siwezi kusema wamekosea. Ila msomaji wa Nairobi asiharakishe kupiga makofi. Wangapi hulipa kodi ya nyumba Umoja au Kayole, watoto wao husoma huko, takataka zao huzolewa huko, kisha siku ya uchaguzi hupanda matatu kwenda kumchagua mbunge wa ushago? Hakuna anayewaita walaghai; huitwa watu wanaojua kwao. Na kuhusu barua, sisi tumekuwa wataalamu kabla ya Wamarekani. Vizazi vya Watanzania na Wakenya vimepokea barua kwa sanduku la posta la shule, la parokia, la msikiti au la mwajiri, zikiandikwa “kupitia kwa Mwalimu Mkuu”, na hakuna karani aliyewahi kudhani mtoto analala ndani ya S.L.P. Tanzania ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, ikizipa barabara majina na nyumba namba, lilikuwa jambo la maana kwa gari la wagonjwa na la zimamoto. Kwa barua ya mtu aliye safarini, kibao mlangoni hakisaidii kitu. Kinamwambia tarishi kwa usahihi mkubwa mahali ambapo mtu hayupo.

Wapo watakaosema serikali ingefaa igawe anwani hizo yenyewe, zisiachiwe wafanyabiashara. Ufaransa ilijaribu. Sheria ya tarehe 3 Januari 1969 iliwataka watu wasio na makazi ya kudumu wabebe hati ya kusafiria ya kukaguliwa na polisi, na wafungamanishwe na wilaya moja. Wilaya haikutakiwa kupokea watu wa namna hiyo zaidi ya asilimia 3 ya wakazi wake, na haki ya kujiandikisha kupiga kura hapo ilisubiri miaka mitatu. Baraza la Katiba lilifuta sehemu ya masharti hayo mwaka 2012, na sheria yenyewe ikaondolewa mwaka 2017. Kwa karibu nusu karne anwani ilikuwa kamba ya kumfungia mtu anayehama. Kisanduku cha Livingston hulipiwa ada, humtii anayelipa, na hakina polisi.

Ada hiyo ndiyo inayonikatisha maneno. Mtu anayelala ndani ya gari bovu kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda yuko barabarani muda wote kama mstaafu mwenye gari-nyumba la kifahari, ila yeye hutumia huduma ya posta iitwayo General Delivery: barua huwekwa dirishani, si zaidi ya siku 30, kisha hurudishwa ilikotoka. Na hapo South Dakota inaonyesha uchangamfu wa ajabu. Aliyekaa usiku mmoja kwenye kambi ya magari, akapewa risiti, anaapa na kupata leseni. Aliyelala mwaka mzima kwenye maegesho ya mji huohuo hana kambi wala risiti, maana maegesho hayatoi risiti ya usingizi. Kwenye dirisha la leseni, mkazi ni yule wa kwanza.