Barua ya Wazi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Juu ya Kamera Isiyo na Anwani

Waheshimiwa Wakuu wa Tume, Kampala,

Mimi mwenye ghala la vitunguu Karusandara na duka Bwera naleta shukrani zilizochelewa.

Ghalani nimeweka kamera iliyoungwa na ruta ya laini ya simu, nikitaraji kulitazama ghala langu pasipo kusafiri kupitia Kikorongo; illa kampuni, ambayo adabu yanikataza kuitaja, ilinifahamisha kuwa anwani ya intaneti niliyopewa naishiriki na halaiki ya wateja nisiowajua, hata abishaye hodi kutoka nje hajui abishe kwa nani. Sikulaumu, kwani anwani za kale hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na fungu la mwisho la hazina kuu liligawanywa Februari 2011. Zile mpya, tele kama nini, kwenye laini yangu hazijafika.

Fundi mmoja kijana akanionyesha hila ya halali: ruta yenyewe itoke, iende hadi kwenye kompyuta ya kukodi iliyoko Ujerumani, yenye anwani ya hadhara, na kila baada ya sekunde 25 itoe ishara ili njia isizibe, nami nikitokea Bwera tukutane huko, kila mmoja na ufunguo wake, maneno yetu yakiwa yamefumbwa wapita njia wasiyasome. Hivyo vitunguu vya Karusandara huzuru Ulaya bila viza. Kuacha mlango wazi kwenye kompyuta hiyo kungekuwa rahisi, lakini mwaka 2016 kirusi Mirai kiliteka kamera na ruta zisizo na hesabu, ambazo wenyewe hawakubadili maneno ya siri ya kiwandani.

Njia hiyo, Waheshimiwa, ndiyo VPN, ile ile mliyoamuru ifungwe Julai 2018, raia walipoipitia kukwepa kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Kodi ile ikaondoka mwaka 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data, nami sasa nailipia picha ya vitunguu vyangu ikitoka Karusandara, kisha nailipia tena ikiingia Bwera. Fauka ya hayo, jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, mlipoamuru intaneti izimwe nchi nzima, mlileta usalama uliopita wa ufunguo wowote, maana kamera kama yangu hakuna mwizi wa mtandaoni aliyeweza kuichungulia, wala mwenyewe.

Basi siku mtakapoazimia kutulinda tena, nawasihi mnijulishe jana yake, niwahi taksi ya alfajiri nikaiulize kamera ana kwa ana.

Wenu mtiifu,
Mwenye ghala