Juu Jeupe, Chini Kibondo

Ndugu zangu wa Dar es Salaam wakiniuliza gari langu ni la rangi gani, nawajibu: juu jeupe, chini Kibondo. Kuanzia usawa wa vitasa kwenda juu ni jeupe vilevile lilivyotoka Japani. Kushuka chini ni udongo mwekundu wa Buha. Na chini kabisa, ule ukingo wa chini ya milango, ni kutu tupu. Nani anauangalia? Kioo kikipata ufa, mtaa mzima unakupa pole. Ukingo ukiliwa hadi kidole kinapita, jirani anakwambia gari bado zima hilo.

Tena gari linajila lenyewe. Tairi la mbele linaokota kokoto na kuirusha nyuma, inagonga chini ya mlango, rangi inabanduka kidogo tu, kama punje ya maharage. Mvua ikianza Novemba matope yanajaa hapo, yanaganda na kutunza unyevu. Kiangazi kikija unadhani umesalimika, kumbe kutu imeshatambaa chini ya rangi na kuifanya itoe malengelenge.

Tukasema lami itatuponya. Mradi wenyewe mkubwa, kilomita 260 kutoka Kabingo kule Kakonko, kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nao sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria. Lami imewafundisha mwendo, na mwendo huohuo wanaingia nao kwenye vumbi la vijijini. Wanachorusha wao, napokea mimi.

Basi nikalipeleka gari gereji, Kasulu, lipakwe kinga.

“Bosi, hii tunaipiga lami, unasahau,” fundi akasema. Lami ilikuwa kwenye kopo la zamani la rangi ya nyumba, na brashi imekakamaa imebaki mti.

“Huoshi kwanza, fundi?”

“Matope yameshakauka, bosi. Lami itashika vizuri.”

Akalala chini ya gari, akaanza kuziba vitundu vilivyo chini ya ukingo, kimoja baada ya kingine, kwa ustadi mkubwa.

“Fundi, hivyo ni vya kutolea maji!”

“Ndiyo maana naziba, bosi. Maji yasiingie.”

Maji huingia tu, fundi atake asitake. Hupita kwenye vioo, yakashuka ndani ya mlango hadi kwenye ukingo, na hivyo vitundu ndio mlango wake wa kutokea. Ukiviziba umechimba kisima ndani ya bati.

Kazi yenyewe haina siri. Osha kwa presha, acha pakauke kabisa, sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae, paka praima ya kuzuia kutu. Hapo ndipo ipulizwe kwa kompresa ile rangi nzito ya mpira, yenye uso wa kukwaruza, tabaka juu ya tabaka. Ile ya poliyurethini, wanayopaka kwenye bodi za pikapu nyuma, huvumilia kokoto zaidi. Lakini yoyote ukiipaka juu ya kutu, umeipa kutu shuka ijifunike iendelee kula. Ndani ya ukingo, brashi isikofika, hupulizwa nta laini. Nilipotaja nta, fundi, na asali yote hii ya Kibondo, akaniuliza kama gari ni mzinga.

Ushauri wa bure nao haukosekani. Mmoja kasema nipake oili chafu, ambayo inanasa vumbi lote la wilaya, inalainisha mipira ya chini na kudondokea uani. Mwingine kasema mawese, maana Kigoma hapa mawese ni dawa ya kila kitu.

Kwa sasa nimefunga nyuma ya kila tairi kipande kirefu cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Hakipendezi, ila kokoto nyingi zinaishia hapo. Zangu, yaani. Zenu ninyi wa michomoko sina la kuzifanya. Mkipishana nami njia ya Nyarugusu, tafadhali punguzeni mwendo. Upande wa dereva mmeshaumaliza. Niachieni huo wa abiria.