Eksteno Iliyolala na Vibua

Usiku wa kwanza jamaa alidhani ni mjusi kafiri. Tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik, kimya. Akachukua ufagio, akagonga ukuta nyuma ya pazia, akagonga na dari kwa tahadhari ili asiwaamshe watoto. Mjusi hakuanguka. Mlio uliendelea vilevile, na ulikuwa unatoka mezani, ndani ya kijikasha cheusi kilichochomekwa kwenye laptopu.

Jamaa huyo ndiye anayeandika makala haya. Kwa sababu zitakazoeleweka huko mbele, ameomba asitajwe kwa nafsi ya kwanza.

Kijikasha kilikuwa diski ya nje, ile ambayo mtaani huitwa eksteno, ya terabaiti moja. Ndani yake mlikuwa na maisha ya familia tangu 2009: harusi ya Muheza, watoto wawili kuanzia wakiwa na kitovu kibichi, matembezi ya Bagamoyo, na picha ya marehemu baba mkwe akicheka. Hiyo ya mwisho ilikuwa na thamani ya pekee, maana mzee yule akiona kamera alikuwa akikaza uso kama anayepigwa picha ya pasipoti. Kila simu ilipojaa, jamaa alihamishia picha kwenye eksteno, kisha akazifuta kwenye simu. Mkewe aliwahi kumuuliza kama wana bakapu. Akanyoosha kidole kwa fahari: "Si hiyo hapo?"

Kumbe alikuwa amehama nyumba na kuibomoa ya zamani.

Ajali yenyewe ilitokea mchana. Kitinda mimba alikuwa akikimbizana na dada yake sebuleni, mguu ukanasa kwenye waya, eksteno ikashuka kutoka mezani huku ikiwa kazini. Haikuanguka hata mita moja. Kikombe cha plastiki kingeokotwa na chai ikamiminwa tena.

Lakini diski ya aina hii si kikombe. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ukikokotoa kwa kisahani cha eksteno ndogo, ukingo wake unapita kasi ya kilomita 60 kwa saa, mwendo wa daladala ya usiku inayowahi kulala. Juu ya kisahani huelea kichwa cha kusomea, na nafasi iliyo kati yao haifiki hata sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Sasa ipige teke hiyo daladala. Ule mlio wa tik, tik ni kichwa kinachotafuta alama za kukionyesha kilipo, kinazikosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Hakichoki. Kila kinapojaribu kinaweza kukwaruza zaidi, na jamaa alikiacha kijaribu usiku kucha kwa kuwa alihisi kinakaribia kupata.

Kilichomuuma zaidi ni kisa alichokisoma asubuhi yake. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga wote saba wakafariki. Miongoni mwa mabaki yaliyookotwa ilikuwamo diski moja yenye matokeo ya jaribio la fizikia kuhusu gesi ya zenoni. Ilikuwa imeungua, imeanguka kutoka angani, ikalala miezi kadhaa kwenye ziwa lililokauka. Wataalamu wakaifungua, wakasafisha visahani, wakatoa karibu asilimia 99 ya data, na matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008. Ya jamaa ilianguka kutoka kwenye meza ya kahawa.

Ushauri ukaja kwa wingi, kama unavyokuja ukisema una mafua. Jirani mmoja alisema iwekwe ndani ya mchele. Mwingine, anayejulikana mtaani kwa kurekebisha pasi, alisema dawa ni friza: chuma kikipata baridi husinyaa, kilichonasa huachia. Jambo hili hakulitunga yeye. Ni dawa ya kienyeji ya miaka mingi, na wapo wanaoapa kwamba iliwahi kuwafaa kwenye diski za zamani. Asichokisema mtaalamu wa pasi ni kwamba kitu cha baridi kikitolewa kwenye hewa ya Dar es Salaam hutoka jasho kama chupa ya soda, na hilo jasho haliishii nje.

Eksteno ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikalazwa friza kati ya vibua na kuku nusu.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muheza. Saa tano asubuhi alitokea mlangoni, kifurushi mkononi. "Baba, hili ini mbona gumu namna hii?"

"Hilo si ini, mama. Hizo ni picha."

Mama mkwe alikitazama kifurushi, akamtazama mkwe wake, akakirudisha alikokitoa bila kuuliza neno la pili. Jioni alisikika akimuuliza binti yake kama mumewe analala vizuri.

Mwishowe jamaa alikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa kijana mmoja mwenye kibanda chembamba kilichojaa simu zisizo na vioo. Fundi hakuichomeka diski. Aliishika, akaisogeza puani.

"Mzee, umeifanya nini kabla ya kuileta?"

"Sijaifanya kitu."

"Mbona inanuka vibua?"

Fundi aliiweka siku mbili kwenye kopo pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Akaeleza kwamba kichwa kimoja kimechoka, vingine bado vinasoma, na kwamba yeye hafungui diski pale, kwani chembe moja ya vumbi la Kariakoo kwenye kisahani ni sawa na jiwe barabarani. Kazi hiyo ina vyumba vyake maalumu visivyo na vumbi, na bei zake ni za huko huko. Data iliyopoteza anwani, alisema, hurudi; iliyokwaruzwa imeshakuwa unga.

Alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo kwanza huinakili diski nzima kwenye diski nyingine yenye afya. Namna inavyofanya kazi ingempendeza mtu wa pwani: hula samaki kwa akili, minofu laini kwanza, kisha ndipo inarudi kwenye miiba. Ilikula siku tatu. Halafu kwenye nakala ile akaiachia PhotoRec, programu nyingine ya bure, ambayo haijali majina wala mafolda. Hupekua data ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo.

Zilirudi picha zaidi ya elfu kumi na moja. Hakuna hata moja iliyorudi na jina lake la awali. Majina yote mapya yalianza na herufi f, ikafuatiwa na msururu wa tarakimu.

Familia ikakaa mbele ya laptopu. Maua ya "Asubuhi njema" yaliyotumwa WhatsApp na kundi la ukoo yalipona yote, hata yale yenye njiwa. Picha za sungura aliyefugwa wiki mbili mwaka 2014 zilipona. Picha za harusi zilipona nusu, tena nusu ya juu: kuanzia kiunoni kushuka ni kijivu kitupu. Bwana harusi na bibi harusi wanaelea, wasimamizi wanaelea, keki haipo kabisa. Tarehe zilizofichwa ndani ya picha zilisaidia kidogo kuzipanga, ila kamera iliyokodiwa siku ile haikuwahi kurekebishwa saa, kwa hiyo kwa mujibu wa mashine ndoa ilifungwa wakati bwana harusi yuko sekondari.

Picha ya baba mkwe haikuonekana.

Hata wakubwa huwapata haya: mwaka 1998, faili za filamu ya Toy Story 2 zilifutwa kimakosa kwenye studio ya Pixar, na bakapu ya ofisi ikakutwa na kasoro. Kilichoiokoa ni kompyuta ya mfanyakazi wao Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na hivyo akifanyia kazi nyumbani. Kwa jamaa, Susman wake alikuwa shemeji wa Tanga. Alipopigiwa simu alisema picha hiyo anayo siku zote. Ndiyo aliyoipeleka studio ikasafishwa, na sasa iko ukutani Muheza, juu ya redio.

"Mimi naitazama kila siku," mama mkwe alisema. "Hamkuniuliza."

Jamaa sasa ana eksteno mbili zenye picha zilezile. Moja iko kabatini, mbali na waya na miguu ya watoto. Ya pili ameipeleka Muheza, ikiwa na karatasi juu yake: Si ini.