Mhadhara Mkuu juu ya Ngome ya Giza ya Kasanga

Waheshimiwa wazee wa Ujiji, akina mama wa Kibirizi mlioacha dagaa juani kwa heshima yangu, na nyinyi vijana wa Mwanga mliokuja kwa kuwa mlisikia kuna soda: kaeni. Aliyekosa kiti akae chini, historia haichagui makalio.

Anayezungumza nanyi ni Mtaalamu Mkuu wa Ngome, Maboma na Mahandaki ya Mwambao Wote wa Ziwa Tanganyika. Cheo hiki nilijipa mwenyewe baada ya kuona serikali inakawia. Wapo wanaonung'unika. Nawauliza: katika mwambao huu yupo mwingine aliyekiomba?

Najua mkisikia neno ngome macho yenu yanakimbilia ile Nyumba ya Kaisari hapa Kigoma, mnaanza kunong'onezana habari za handaki linalosemekana kutoka chini yake mpaka stesheni ya reli. Acheni utoto. Na Karema msinitajie. Wabelgiji waliijenga mwaka 1879, mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe, na tangu hapo kuta zile zimesikia rozari tu. Ngome iliyobatizwa haimo katika fani yangu.

Ngome yangu iko kusini kabisa mwa ziwa, Kasanga. Wajerumani waliiita Bismarckburg, kwa heshima ya Kansela Bismarck, ambaye hakuwahi kuitia machoni. Mimi naiita Ngome ya Giza. Si kwa sababu ya rangi ya mawe yake, ni kwa sababu walioitazama kutoka majini hawakujua ndani mna nini, na walichokikisia kiliwatosha. Shikeni hapo, maana ndipo elimu yangu yote ilipolala.

Sasa tuingie vitani, Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na nyuma yake yakaja masanduku kama elfu tano kutoka Papenburg, Ujerumani. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na meli nzima, vipande vipande. Mafundi wakaiunga hapa hapa, na Februari 1915 ikaingia majini, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana yule wa Kijerumani aliyezima vita vya Majimaji. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia kwa ukali. Pamoja na meli za Kingani na Hedwig von Wissmann, Mjerumani akawa mwenye ziwa.

Mwingereza naye akamtuma bwana mmoja, Geoffrey Spicer-Simson, na boti mbili ndogo za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilitoka London kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, kisha zikaburutwa milimani Kongo kwa maksai na mashine za mvuke, mpaka ng'ambo ile ambayo hata taa zake hamzioni, Lukuga. Yaani mabaharia wa Mfalme walivuka nchi kavu na boti zao nyuma. Bwana huyu alikuwa na makeke: akivaa sketi aliyoibuni mwenyewe, na michoro imemjaa mwilini. Msicheke. Mtu asiyejua kujivika hawezi kuwa mkubwa, ndiyo maana leo mnaniona na joho hili katika joto hili.

Na alishinda! Tarehe 26 Desemba 1915 akaikamata Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 akaizamisha Hedwig. Kesho yake Götzen ikapita mbele ya macho yake, ikitafuta mwenzake, naye akakataa kutoka bandarini. Wenzake wakashangaa. Mimi sishangai. Hapo ndipo alipoanza kuingia darasani kwangu.

Juni 5, mwaka 1916. Kikosi cha boti zake kinafika mbele ya Bismarckburg. Kwa upande wa nchi kavu Mwingereza mwenzake, Luteni Kanali Murray, anasogea na askari wake. Kazi ya Spicer-Simson ni moja, kuziba mlango wa majini Wajerumani wasitoroke. Anainua darubini. Anaona ukuta. Juu ya ukuta anaona mizinga. Anashusha darubini, anageuza boti, anakwenda zake Kituta. Wajerumani wakapakia majahazi yao na kuondoka salama, na Murray akapandwa na hasira zake.

Baadaye akaambiwa: ile mizinga ilikuwa ya mti.

(Hapa kwa kawaida wasikilizaji hupiga makofi. Asanteni, imetosha.)

Ya mti, waheshimiwa! Mninga au mvule, wataalamu wanabishana, na wataalamu wenyewe ni mimi peke yangu. Nionyesheni ngome nyingine iliyofanya kazi kubwa hivyo kwa gharama ya magogo. Fort Jesus ya Mombasa ina mizinga ya chuma, na ikatekwa mara ngapi? Ya Kasanga haikupiga hata risasi moja ya mbao, na jeshi la maji la dola kubwa kuliko zote duniani likaikimbia. Na kumbe hata Götzen hapa Kigoma ilifuata njia hiyo hiyo. Mzinga wake mkubwa, uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg iliyoangamia Rufiji mwaka 1915, uling'olewa ukapelekwa nchi kavu kwa vita vya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na mahali pake wakasimamisha mti. Ziwa zima, wazee wangu, lilikuwa linalindwa na maseremala.

Sasa narudi kwa gavana wetu. Mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji walisadiki kwamba maji yatazuia risasi. Tangu siku hiyo hatujapumzika: vitabu vya wazungu vimetusimanga, watu wajinga, watu wa ushirikina, na Götzen mwenyewe aliandika kitabu kizima juu ya vita vile. Vizuri. Miaka kumi na moja baadaye, katika ziwa ilimoelea meli yenye jina la Götzen huyo huyo, ofisa wa kizungu mwenye darubini, ramani na mshahara akasadiki kwamba mti utatoa risasi. Nani amemwita mshirikina? Alipofika kwao alipewa nishani kwa ushindi wake wa mwanzo, ingawa uongozi wa namna ile hakupewa tena. Waliosadiki maji walimiminiwa risasi, kisha vyakula vyao vikachomwa moto wakafa kwa njaa. Samahani, nimetoka nje ya mada. Akina mama, msiniangalie hivyo.

Ya mwisho mnayajua. Ndege za Wabelgiji zikaja kudondosha mabomu Kigoma, na Julai 26, 1916 Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Mwingereza akaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza maisha yake ya pili kwa jina la Liemba, ikibeba migebuka, mawese na shemeji zenu.

Maswali. Wewe baba wa nyuma, mwenye rula sikioni. Unauliza nani aliyeichonga mizinga ile? Swali hilo si la kijeshi. Fundi hana nafasi katika historia ya ngome. Angekuwa nayo ningekuwa nimemtaja. Unasema wewe ungeichonga kwa siku mbili na kuipaka rangi? Kaa chini, baba, unavuruga nidhamu.

Na wewe kijana wa Kibirizi? Ati mimi Kasanga nimefika?

Kijana, utafiti una mbinu zake. Nilikwenda na Liemba. Tulipokaribia ilikuwa usiku, ziwa limechafuka, na mimi tumbo langu ni la kisomi. Nikasimama kwenye reli ya meli, nikatazama ule weusi wa nchi kavu kwa makini makubwa, nikaridhika, nikaandika. Anayetaka kuigusa ngome kwa mkono ndipo aandike, huyo ni mwashi.

Hapana, sijakasirika. Mwenye shaka na shahada zangu, zile pale nyuma yangu ukutani, tatu, ndani ya fremu. Zitazame. Hapo hapo ulipo, kijana. Nimesema usisogee!