Kifungo Hakili

Kete moja ya bao letu ilipotea mwaka juzi. Wenye ushahidi wanasema ilimezwa na kuku. Mwenyekiti wa kijiwe akakata kifungo cha koti lake la mvua, akakitumbukiza shimoni, mchezo ukaendelea. Bao lina kete 64, na ukihesabu kifungo zinatimia. Balaa lilianza jioni ile ile. Kifungo kilitua cha mwisho kwenye shimo langu lenye kete, na mbele yake nyumba ya mpinzani, shimo lake kuu, imenona. Nikanyoosha mkono nile.

"Tulia, ng'wanawane," akasema Mwenyekiti. "Kifungo ni kete, lakini kikiwa cha mwisho hakili."

Nikauliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. Akanitazama kama niliyeuliza ziwa limeandikwa wapi.

Kijiwe chetu kiko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni, ambako harufu ya dagaa inakupokea kabla ya wenyeji. Bao ni la Mwenyekiti, benchi ni lake, na mwembe anadai ulipandwa na babake. Yeye hachezi. Anasimamia. Anajua lini kete ilale, lini isafiri, na nani leo afungwe ili kijiwe kichangamke. Ukimbana sana anamtaja Mwalimu Nyerere, ambaye kweli alipenda bao, kwamba hivyo ndivyo lilivyochezwa Butiama. Nani atapanda basi mpaka Butiama kwenda kuulizia?

Wiki ile nilikuwa kwenye namua, kete za mkononi bado zinaingizwa baoni, nyumba yangu ina kete 13. Nikala, nikasambaza, kete ya mwisho ikaangukia humo humo nyumbani. Shimo la mbele yake tupu, hakuna cha kula. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba hapo hiari ni ya mwenye nyumba: akitaka analala, anaishia hapo hapo, akitaka anachota zote anasafiri. Nikasema nalala.

"Saa kumi jioni halali mtu hapa," akasema Mwenyekiti. "Safiri!"

Nikasafiri. Nyumba yangu ikatawanyika kama abiria wa daladala iliyomwona trafiki, kete ya mwisho ikafia kwenye shimo tupu, na mpinzani akala mpaka akaona aibu. Mpinzani mwenyewe ni mfanyabiashara wa dagaa asiyetokea bila kahawa ya Mwenyekiti na kashata mbili. Juzi yake tu, yeye alipofikwa na hali hiyo hiyo, niliambiwa kwamba "mwenye nyumba hafukuzwi kwake." Sisemi kitu kuhusu kashata. Natoa taarifa tu.

Nikapeleka malalamiko kwa mpwa wangu anayesoma chuo huku Mwanza. Badala ya kunipa pole akacheka. "Anko, mbona Marekani hiyo ni kazi kabisa?" Akanisimulia mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, kazi ya akina Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya shujaa au mchawi, na mmoja wao ndiye msimulizi na hakimu kwa pamoja. Ana dadu yenye nyuso 20, anairusha nyuma ya kigao cha karatasi ngumu, anachungulia peke yake, kisha anatangaza anachoona kinafaa.

"Na wenzake wanakubali?"

"Wanabishana miaka yote, anko. Lakini anapindisha ili hadithi inoge. Shujaa akikaribia kufa mapema, anamwokoa kimya kimya."

Gygax mwenyewe alikuwa mtu wa mji uitwao Lake Geneva, kandokando ya ziwa kama sisi. Nikaanza kuhisi tabia hii inaletwa na upepo wa maji. Ila msikilize vizuri mpwa wangu: wao wanapindisha kanuni ili mtu apone. Wa kwetu anapindisha ili nife mimi, tena hana hata kigao. Anafanya mchana kweupe.

Zamani Mwenyekiti akienda kusalimia ndugu zake Sengerema, foleni ya kivuko ilitupa siku nzima ya haki. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kilomita 3 juu ya maji, watu walishangilia. Mimi nilinyamaza. Siku hizi anakwenda asubuhi, saa nane yuko benchini anatoa hukumu.

Mwezi uliopita kukawa na msiba huko, akalala siku mbili. Tukacheza kwa kanuni, safi, neno kwa neno. Nilishinda mara tatu mfululizo, bao la mwisho mkononi kabisa, kabla kete za namua hazijaisha. Hakuna aliyepiga kelele. Wawili walikuwa kwenye simu, mmoja alisinzia, na muuza kahawa alibeba birika lake akahamia kwa wacheza drafti, akisema pasipo ugomvi kahawa hainyweki.

Mwenyekiti aliporudi akauliza nani kashinda. Nikajitaja, kifua mbele. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifungo. Kumbe alisafiri nacho.

"Mlicheza na nini?"

"Kokoto, Mwenyekiti."

"Kokoto haijapitishwa. Mabao yote matatu hayahesabiwi."

Ndugu msomaji, kama kwako kuna komwe moja ya ziada ya kuchezea bao, hata iwe na ufa, niletee Kirumba. Lakini njoo kabla ya saa nane.